Sufuria ya Bibi Ozella

Utumbo wa nguruwe ambao haukusafishwa una harufu yake, na harufu hiyo haifichwi na siki, wala vitunguu, wala pilipili ya chupa. Inanuka kama zizi lililolowa mvua kisha likapigwa jua. Niliisikia nikiwa bado mlangoni mwa ukumbi wa kanisa.

Ilikuwa Jumapili ya maadhimisho ya kanisa, mwezi wa Novemba, wakati wote waliohamia Detroit na Chicago wanarudi kwetu Alabama kuabudu na kula. Meza ilijaa: sukuma wiki iliyochemshwa na nyama ya moshi, mkate wa mahindi, kuku, pai za viazi vitamu. Lakini foleni yote ilielekea kwenye sufuria moja, ile ya utumbo, na aliyeshika upawa alikuwa Shangazi Vernetta, binti wa bibi yangu.

Kwetu mtu hagusi utumbo kabla hajauliza.

"Nani kausafisha?" aliuliza Shemasi Purvis, sahani mkononi.

"Huijui sufuria hii, shemasi? Au macho nayo yamestaafu?"

"Sufuria naiona. Mimi nauliza mikono."

"Ya Mama Ozella," shangazi alijibu bila kupepesa. "Chota, mzee, kabla hawa wa Detroit hawajakumalizia. Huko kwao wanakula vya kopo."

Watu walicheka, shemasi akasogeza sahani. Jina la bibi lilimtosha.

Mikono yenyewe ilikuwa imelala mapajani mwa bibi, kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, imepindapinda kwa baridi yabisi. Mwaka mzima haikuwa imeshika hata kisu. Ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa mtoto, kimo changu hakijafikia sinki, akanisimamisha juu ya kreti na kunipa utumbo mmoja.

"Usiniambie umemaliza," alisema. "Unyooshe mbele ya dirisha. Ukiona kitu kati yako na mwanga, bado."

Tulibandua utando kwa kucha. Tulitoa mafuta, makapi ya chakula cha nguruwe, na uchafu mwingine wa kijani uliokuwa ukiteleza vidoleni kama kamasi. Nilitapika. Akanifuta mdomo, akanirudisha juu ya kreti, tukaendelea kubadilisha maji mpaka yakabaki maji tu.

"Watu wanatia hiki kinywani kwa sababu wananiamini," aliniambia. "Wasiponiamini, ni taka za nguruwe."

Tangu siku hiyo sijawahi kupenda mahali popote kama jiko lake.

Pale ukumbini nilimfuata shangazi, nikamnong'oneza. "Shangazi, huu umeusafishia wapi?"

"Ulikuja safi. Ndoo ya dukani yenyewe imeandikwa umesafishwa."

"Na nani?"

"Na mashine! Nami nikausuuza. Usinianze, mtoto wewe, watu wanatazama."

Nilimpokonya upawa, nikainua kipande. Utando ulikuwa bado umeking'ang'ania, mnene, wa kijivu. Kwenye mkunjo kulikuwa na punje ya mahindi iliyovimba, na pembeni yake unywele mgumu. Mama mmoja wa Chicago aliweka sahani yake mezani polepole.

Shangazi aliona foleni inalegea. Akachota bakuli, akampelekea bibi, akamlisha kijiko mbele ya wote.

"Mama, onja, umwambie huyu mjukuu wako."

Bibi alitafuna mara moja, akaacha. Niliona pua yake ikitanuka. Alijua. Akamtazama binti yake, ambaye midomo ilikuwa ikimtetemeka, kisha akameza.

"Mtamu," alisema.

Shemasi Purvis akanyanyua kijiko chake.

Harufu nilikuwa nimeivumilia. Neno lile sikuliweza. Nilikamata vishikio vya sufuria kwa aproni, nikaikokota hadi mlango wa nyuma na kuipindua nje. Mchuzi wa kijivu ulinirukia hadi magotini. Vipande vilitapakaa kwenye majani, vikitoa mvuke.

"Amemwaga chakula cha kanisa!" shangazi alipiga kelele, kisha akalia kwa sauti, aproni usoni. "Nimeamka kabla hakujakucha! Peke yangu!"

"Njoo hapa," bibi aliniita.

Nilikwenda, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikinuka.

"Mwombe shangazi yako radhi."

"Bibi, umeuonja."

"Nimeuonja."

"Ulikuwa na nini ndani?"

"Vernetta ndiye ananiogesha kila asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Ananigeuza kitandani. Wewe unakuja siku za sikukuu. Mwombe radhi."

"Kwa hilo namshukuru. Lakini watu hawa walikuwa wanakwenda kula mavi kwa jina lako, nawe ukawaambia ni matamu."

"Ni jina langu. Nalitumia nitakavyo."

"Basi hukupaswa kunisimamisha juu ya kreti."

Macho yake yalijaa machozi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

"Mwombe radhi, mjukuu wangu. Kwa ajili yangu."

"Siombi, bibi. Si leo, si kesho. Siombi."