Mabakuli ya Mlango wa Gereza

Siku zile mji ungali ukiitwa Stanleyville, na waasi ndio walioshika funguo, Hadidja alipeleka chakula gerezani kila asubuhi. Mume wake Assumani, fundi cherehani, alifungwa kwa kuwashonea kaputula askari wa serikali. Kila mke alifunga bakuli lake kwa kitambaa, akampa mlinzi, akangoja lirudi tupu. Wakingoja, walilinganisha nchi kama wanavyolinganisha mapishi.

"Kampala nilikaa miaka mbili," alisema Aziza, muuza vitenge. "Avenue yetu muzima ilikuwa na mufungwa moja, mwizi wa baiskeli. Hata mama yake alimuchoka."

"Usumbura, nyumba makumi tatu, wafungwa wawili," akasema Philomène. "Na hapa?"

Hadidja akahesabu majirani. "Nyumba kumi na mbili, mabakuli matano."

"Alors, tumeshinda dunia! Batupatie kombe!" akasema Aziza.

Wakacheka mpaka mlinzi akawafokea. Hadidja alicheka huku moyo ukimuuma. Miaka minne tu nyuma, sikukuu ya uhuru, Assumani alicheza barabarani tangu asubuhi, futi ikining'inia shingoni, sindano bado kwenye kola. Alikuwa mwepesi, Assumani yule!

Je, yu hai? Bakuli tupu halikumjibu. Mlinzi naye ana tumbo. Barua zilikatazwa. Ndipo akakumbuka: Assumani hakuweza kuvumilia pindo lililofumuka. Kwenye harusi moja aliwahi kumsimamisha bwana harusi mbele ya wageni, akamshonea mkono wa kanzu.

Kesho yake Hadidja alifumua pindo la kitambaa, akafunga bakuli lenye mboto, samaki wa miiba mingi.

"Kitambaa gani hicho, mama?" Philomène akamcheka. "Utatutia haya."

"Ni kitendawili."

"Tega basi."

"Nimeshatega."

Siku mbili kitambaa kilirudi vilevile. Aziza hakufanya tena mzaha. Siku ya tatu Hadidja alipokipokea, vidole vyake vilijua kabla ya macho. Pindo limeshonwa, mishono midogo kama punje za mchele, kwa uzi wa bluu wa shati alilokamatwa nalo Assumani. Mwiba wa mboto, uliotobolewa tundu, ulikuwa bado umechomekwa mwishoni.

"Amejibu," akasema, machozi yakimtiririka. "Mabakuli matano, na langu iko na mwenyewe!"

Kabla hajafika nyumbani, alikwisha kufumua pindo la upande wa pili.