Mafuta ya Bingwa

Pale saluni walimwita Bingwa, na jina lilimkaa. Nywele kavu, mafuta. Visigino vimepasuka, mafuta. Pete imegoma kutoka kidoleni, mafuta. Wateja walimtania kwamba hata ndoa ikikwaruza, Bingwa ataipaka. Naye ushauri haukumkaa moyoni. Ukikalia kiti chake utatoka na nywele mpya na mawaidha ambayo hukuyaomba.

Basi mdogo wake alipomnong'oneza kuwa kile kiwambo alichopewa kliniki, kikombe laini cha mpira cha kuvaa ukeni ili mbegu zisipite, kinamkwaruza akikiingiza, Bingwa hakufikiri mara mbili. Alimjazia kichupa cha mafuta ya nywele. Kuuliza si ujinga, na nani wa kuulizwa kama si dada?

Wala halikuwa jambo la mzaha. Mdogo wake alijifungua kwa upasuaji, mfuko wa uzazi ukachanika, akatoka mle chumbani kwa kudra ya Mungu. Daktari alimwita yeye na mumewe akawaambia wazi kwamba mimba nyingine kabla kovu halijapona inaweza kumuua. Vidonge vya kuzuia mimba vilimpandisha presha, ndipo wakaafikiana kiwambo.

Sasa siku zake zilikuwa zimepitiliza. Bingwa alimsindikiza kliniki, mtoto wa mdogo wake amemlalia kifuani, naye Bingwa akisema njia nzima kuwa ni uchovu wa kunyonyesha tu.

Muuguzi wa uzazi wa mpango alipokea mkojo, akatumbukiza kipimo, na walipokuwa wakisubiri akaomba kukiona kiwambo. Alikijaza maji ya bomba, akakiinua. Tone likadondoka sinkini. Likafuata jingine.



Muuguzi aliuliza kinapakwa nini. Mdogo mtu alimtazama dada yake. Ikabidi Bingwa aseme mwenyewe kwamba ni mafuta ya nywele. Muuguzi hakumfokea, na heri angemfokea. Alieleza taratibu kuwa mafuta hula mpira wa namna ile mpaka ukatoboka. Kinachopakwa ni jeli ya kuua mbegu ya pale kliniki, na kila mara kabla ya kuvaa, kiwambo hukaguliwa kwa maji. Kikikwaruza, mtu hurudi akapimwa saizi upya. Hilo tu, kurudi.

Bingwa aliuona mdomo wake mwenyewe, jinsi ulivyowahi kujibu, akatamani ungeshonwa.

Muuguzi akageuza kipimo. Mistari miwili, myekundu, wala haikuhitaji miwani.

Alisema wamekuja mapema, anamwita daktari sasa hivi, atafuatiliwa kwa karibu. Akatoka. Bingwa alisikia maneno yakipita tu. Alitaka kuomba radhi, mdomo ukagoma, mdomo ule ule. Mtoto akaamka, akaanza kulia akimtafuta mama yake, na Bingwa akamsogeza kwa mdogo wake ampokee.

Mdogo wake hakunyoosha mikono. Aliikunja mapajani, macho makavu.

"Kaa naye, dada," alisema. "Amenizoea mimi tu. Aanze kukuzoea."