Chakula Kisicho na Mkono wa Mtu

Jumapili baada ya misa, wamama wa shirika la kanisa walifika mtaa wa Kilibula kumsalimia Ninahazwe, aliyekuwa mgonjwa. Mkwe wake Apolline aliwapangia viti karibu na kitanda. Kila mmoja alitoa paketi ya chipsi za chumvi kutoka Bujumbura, imefungwa vile ilivyotoka kiwandani.

Jamani, msiwacheke. Kwetu Uvira, ukimpelekea mgonjwa chakula ulichopika, naye akafa, basi ni wewe uliyemtilia sumu, utahama mtaa. Paketi haimsingizii mtu. Unaipasua mbele ya wote, unaonja, unampa.

Mafigo ya Ninahazwe yalikuwa yamechoka. Daktari alikwisha kusema: akiendelea na chumvi, hatafika Noeli. Naye alitaka kufika, tena sana, maana Apolline alikuwa na mimba na huyo angekuwa mjukuu wake wa kwanza. Lakini mgonjwa anayekataa chakula cha mgeni anamwambia nini? Anamwambia, nimekujua, mchawi wewe!

"Kula, Mama," alisema Geneviève, mkubwa wa shirika. "Hii haina mukono ya muntu."

Alikula. Basi ziwa likaja.

Lilipanda polepole kutoka ufukweni, likapita katikati ya nyumba za watu bila kuzilowesha, likaingia mlangoni na kujipenyeza miguuni mwa Ninahazwe. Miguu ikavimba. Geneviève alibonyeza kifundo kimoja. Shimo likabaki, na ndani yake ndagala wawili, wale samaki wadogo wa ziwani, wakawa wanazunguka. Wamama waliinua vitenge, wakaweka viatu mezani, wakaendelea na rozari.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wakiaga.

Siku moja Libérate, jirani wa ukuta mmoja, alileta ndizi alizochemsha bila chumvi. Harufu yake ilimfumbua macho mgonjwa.

"Libérate, ni weye tu ulinisikia," alisema.

Protais, mwana wa Ninahazwe na mume wa Apolline, aliipokea sufuria kwa adabu zote, akazimwaga ndizi dirishani. Ndagala waliokuwa uani walizila zote, wakanenepa papo hapo, wakasogea kuomba nyingine. Kila mtu aliona.

"Sikuwazie mubaya," Protais alimwambia. "Lakini watu watasema."

"Najua," alisema Libérate. Alilia kidogo, akachukua sufuria yake.

Paketi ziliendelea kuja, na maji nayo. Jumapili moja kabla ya Noeli kitanda kiliinuka, kikatoka mlangoni na Ninahazwe juu yake, kikateremka kuelekea ziwani. Madereva wa pikipiki walikipisha. Apolline alitembea kando akiwa ameshika ukingo wake, maji yakimfika chini ya tumbo, na wamama walifuata nyuma wakiimba.

Walipofika ufukweni, Ninahazwe alinyanyua kichwa.

"Minye niko na njaa ya zile ndizi," alisema. "Libérate iko wapi?"

Libérate alikuwa amesimama palepale mchangani, mikono mitupu. Wote walimwona, na hakuna aliyemwita. Protais alitazama pembeni.

Geneviève aliingia majini mpaka magotini, akapasua paketi, akaonja chipsi moja mbele ya watu, akampa. Ninahazwe aliliangalia tumbo la mkwe wake kwa muda. Kisha alikula, maana wageni walikuwa wanamtazama.