Makazi Kamili na ya Mwisho

Karatasi iliyoninyang'anya mshahara wangu niliipiga pasi mimi mwenyewe. Niliinyunyizia maji kwa vidole, nikatandika kitambaa juu yake isiungue, nikaipitishia pasi taratibu kama ninavyofanya kwenye ukosi wa shati la bwana harusi. Ilikuwa imekunjamana mfukoni mwa gauni langu, na sikutaka kuirudisha kwa bosi ikiwa vile. Niliiona karatasi ya heshima. Karatasi ya nyumba! Mpaka leo nikikumbuka nilivyoilainisha pembe zake, natamani kumpiga mtu.

Tulikuwa wanawake watupu katika kile kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hoteli yaliingia mlango wa nyuma yakiwa marundo yanayonuka, yakatoka mlango wa mbele yamekunjwa pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa wa pasi. Mama Mvuke, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alikuwa wa boila. Bosi tulimwita Bosi Kesho, maana ukimwuliza jambo lolote jibu lake lilikuwa kesho. Alijua tunamwita hivyo, na alicheka pamoja nasi. Mashati yake niliyapiga pasi mimi, na yote yalikuwa yamelegea bega la kushoto.

Na nisikufiche, yule mtu alikuwa na Kiswahili. Shuka likitoka na doa alitutukana mpaka tukawaonea huruma waliotuzaa. Siku akiamka vizuri alitutania kama mashemeji zake. Akitaka tubaki jioni kumaliza mzigo wa hoteli, alitubembeleza kwa maneno matamu mpaka unajikuta unawasha pasi upya na miguu imevimba. Ulimi ulimgeuka mahali pamoja tu, napo ni pale ulipomwuliza habari za mshahara.

Mwezi wa kwanza aliokosa kulipa alisimama mlangoni pa ofisi yake akasema mishahara iko "pending", kisha akajifungia ndani.

"Amesema pendingi," Mama Mvuke akatutafsiria. "Basi angalau anatupenda."

Tukacheka, tukarudi kazini. Mwezi uliofuata akatuambia ni "due", sisi tukasikia juu, na mwenzetu mmoja aliinua kabisa macho akatazama dari. Halafu ikaja "overdue", tukasema sasa zimepanda juu zaidi. Kiingereza changu chote nimefundishwa na mtu ambaye hakunilipa, na mwalimu wa namna hiyo hakosi kipindi. Mwezi wa nne akaja na neno refu, "outstanding", na hilo nililibeba likiwa zima hadi nyumbani kwa mume wangu.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia. Nilizoea kumwita Mwalimu hata tukiwa wawili tu, kwa utani kwanza, baadaye kwa mazoea. Alikuwa anakuna nazi ya jioni huku amefunga kanga yangu kiunoni.

"Outstanding ni bora sana," akasema bila hata kuinua kichwa. "Mimi huandika hivyo kwenye ripoti ya mwanafunzi anayeongoza darasa."

"Yaani mshahara wangu ni bora sana?"

"Kama ndivyo alivyosema."

"Sasa mbona huo ubora siuoni mkononi?"

Akacheka mpaka akajikuna kidole. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kwa deni neno hilo maana yake ni halijalipwa bado. Siku hizo bado tulikuwa na kicheko ndani ya nyumba.

Kilichotukata kicheko ni kodi. Mshahara wa Mwalimu ulikuwa wa chakula, ada na dawa za mama yake. Wangu ulikuwa wa kodi. Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane aliyekaa chumba cha mbele, na kwa haki alituvumilia sana. Jioni moja alikuja na kufuli mkononi. Hakulifunga mahali, alilishika tu ili nilione, na nadhani hata yeye aliona aibu.

"Mama, mwisho ni mwezi huu," akasema. "Mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini na mimi nina tumbo."

Mshahara wangu wa miezi mitano ulikuwa kwa Bosi Kesho. Ungelipa kodi yote niliyokuwa nadaiwa, na chenji ingebaki. Sikuwa naomba msaada, sikuwa nakopa. Nilikuwa nataka changu, ili watoto wangu walale walipozoea kulala, nyuma ya pazia la maua, upande wa ukuta usiovuja.

Basi katika wiki ile ile akatuita ofisini. Juu ya meza alikuwa amepanga bahasha, kila moja na jina la mtu. Ndani yake, akasema, mna mshahara wa mwezi mmoja. Akampa kila mtu karatasi, twende tukaisome nyumbani, tuirudishe asubuhi ina sahihi, ndipo tuchukue bahasha. "Sasa mambo yenu yanakwisha," akasema, na akatutazama kwa upole kabisa. Karatasi yote ilikuwa Kiingereza. Juu, kwa herufi kubwa nyeusi, iliandikwa FULL AND FINAL SETTLEMENT.

Mwalimu aliishika chini ya taa. Sehemu ya chini ilikuwa Kiingereza cha mawakili, sentensi moja inaanzia juu ya ukurasa inaishia miguuni. Hiyo aliijaribu mara mbili, akashusha pumzi, akaiacha. Lakini kichwa cha karatasi kilimwangaza uso.

"Settlement!" akasema. "Hii si ndiyo mada yangu? Naifundisha kila mwaka. Makazi!"

Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akachuchumaa, akaanza kunichorea kwenye sakafu. Haya hapa makazi ya mstari, nyumba zimefuata barabara. Haya makazi ya mkusanyiko. Haya ya mtawanyiko. Watoto wakaja kusimama kando yake kama wako darasani.

"Full ni kamili," akasema. "Final, ya mwisho. Makazi kamili na ya mwisho. Maana yake hamtahama tena, mke wangu."

Usituone wajinga. Nyuma ya kiwanda palikuwa na kiwanja kitupu, na Bosi Kesho alikuwa amekionyesha kwa kidole mara nyingi, akitaka tufanye kazi ya ziada: siku moja nitawajengea pale, muache kutajirisha watu kwa kodi. Tukapiga hesabu kwamba mwezi mmoja tunapewa mkononi na minne iliyobaki inaingia kwenye nyumba. Ilikaa sawa kabisa. Nililia pale sakafuni kati ya zile nyumba za chaki, kisha nikawasha pasi.

Asubuhi niliwapa wenzangu habari getini. Mmoja alinikumbatia. Mwingine akaanza kugawa vyumba, nani akae karibu na bomba na nani asikae karibu na Mama Mvuke kwa sababu ya kukoroma. Mama Mvuke mwenyewe alikuwa amenyamaza, na hilo peke yake lilikuwa jambo la ajabu.

"Umesema makazi ya mwisho?"

"Ya mwisho, ndiyo."

"Makazi ya mwisho si kaburi?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. "Chekeni," akasema. "Mimi sitii sahihi kaburi langu mwenyewe." Akageuka akaenda zake kwenye boila, na bahasha yake ikabaki juu ya meza ya bosi.

Mimi niliingia. Niliiweka karatasi yangu mbele yake, imenyooka, bado ina joto la pasi. Nikachukua kalamu. Halafu kitu kikanishika mkono, sijui ni yale maneno ya Mama Mvuke au ni mazoea tu ya mtu asiyelipwa.

"Samahani, bosi," nikasema. "Hii ni ya makazi, siyo? Pale nyuma?"

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Kwanza alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la kichaa. Halafu ule uso ukakunjuka. Niliuona ukikunjuka! Alielewa nilichoelewa mimi, na alielewa nimekosea wapi, na alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuniambia.

"Ndiyo, mama," akasema kwa kile Kiswahili chake kitamu. "Makazi. Tia sahihi hapa."

Nikatia. Nilidhani amefurahi kwa ajili yangu.

Ile bahasha niliipeleka yote kwa mjane, nikamwambia asubiri kidogo iliyobaki kwa maana tunahamia nyumba za kiwanda. Alinipa mkono wa pongezi, na wiki haikuisha akapata mpangaji mwingine. Tukahamishia vyombo kwa wifi yangu, tukawa tunalala sebuleni kwake wageni wakishaondoka. Kwa muda mfupi tu, nilimwambia wifi. Siku moja lori lilishusha matofali kwenye kile kiwanja, nikaacha pasi nikatoka nje kupiga vigelegele. Ukuta ukapanda, paa likawekwa, mlango mpana wa chuma ukafungwa. Ilikuwa gereji ya malori yake.

Nilipomfuata kumwuliza, hakuniambia kesho. Aliniambia, "Nyinyi tulishamalizana. Karatasi ninayo."

Tulifika ofisi ya kazi ya serikali kumshtaki. Ofisa alikuwa binti mwenye miwani, mpole, na bosi aliitwa akakaa kiti cha pembeni yangu. Yule binti aliisoma karatasi mara moja tu, kisha akanigeukia.

"Mama, hapa umekubali kwamba umelipwa haki zako zote, na kwamba hutamdai tena chochote."

Basi. Ndivyo ilivyosema. Settlement ile ilikuwa ya kumalizana madeni, si ya makazi. Ukurasa mzima ule wa Kiingereza uliingia kwenye pumzi moja ya Kiswahili, na mwanangu wa mwisho angeuelewa akiwa na andazi mdomoni. Mtu aliyejua kunitukana kwa Kiswahili mpaka nikatetemeka alishindwa kuniandikia mstari mmoja kwa Kiswahili!

"Nilikuuliza," nikamwambia. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukasema makazi."

Hakunitazama. Alimtazama ofisa. "Mimi sikumbuki," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili safi.

Nilimkaba shati. Nilimvuta kwa ule ukosi niliokuwa nimeupiga pasi mwenyewe siku iliyotangulia, mpaka kifungo kikaruka, na askari wa mlangoni akaja kunitoa nje mikono yangu imekunjwa mgongoni. Sijutii. Ninachojutia ni kwamba kilitoka kifungo kimoja tu.

Mama Mvuke, kwa kuwa hakutia sahihi, alilipwa miezi yote mitano. Ofisa alimbana bosi, naye akalipa. Jioni ile Mama Mvuke alikuja kwa wifi akaniwekea noti mapajani. Nikamrudishia. Akaniwekea tena, nikamrudishia kwa hasira. Akatoka nje, akazunguka ukuta, akazitupa ndani dirishani, akaondoka ananitukana barabara nzima. Kwa noti zile na maneno mengi ya wifi tulipata chumba kingine, kidogo, kinachovuja pande zote.

Watu huniuliza kama nilimkasirikia Mwalimu. Kwa lipi? Alifuta zile nyumba za chaki kwa kitambaa kibichi, na tangu hapo kila mwaka akifika kwenye mada ya makazi humwomba mwalimu wa historia amfundishie kile kipindi, yeye akakae nje. Mwalimu alikosea neno. Yule mwingine alilijua.

Sasa nina duka langu la pasi, mimi na Mama Mvuke, ingawa hatuna boila na yeye bado anapiga kelele kama anashindana nayo. Mwaka jana aliingia msichana ana macho mekundu, kashika suti nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla hajafungua mdomo niliijua. Bega la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, kama mashati yote yale ya bosi niliyoyapiga pasi miaka ile.

"Ni ya baba," akasema. "Tunamzika kesho."

Nikampa pole. Mama Mvuke alikohoa huko nyuma, kisha akatulia. Nilifanya kazi yangu kama ninavyoifanya kwa mtu yeyote, sikuongeza wala sikupunguza. Aliporudi jioni nilikuwa nimeitundika mlangoni.

"Mama, mambo ni mengi sana," akasema. "Tutakulipa baada ya mazishi."

"Hapa ni malipo kwanza, mwanangu."

Alishtuka, lakini alifungua pochi akalipa. Akaomba risiti, kaka yake anazikusanya. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: SUTI IMELIPWA. Akaisoma, akanirudishia.

"Naomba uandike imelipwa yote. Kaka anapenda iandikwe hivyo, asije akadaiwa tena."

Nikaitazama ile karatasi. Nikamtazama yeye, mtoto wa watu, hajui lolote. Nikaifunga kalamu.

"Suti tu ndiyo imelipwa, mwanangu," nikamwambia, nikamshushia nguo ya baba yake. "Yote bado."