Shamba la Mwaisha

Zuhura alimtazama kaka yake Kibwana alivyojitandaza kwenye kiti cha uvivu, akasonya kimoyomoyo. Bwana huyu tangu akabidhiwe kugawa mashamba ya ukoo hajashika jembe, lakini uvivu wa wenzake anauona hata gizani!

"Mwaisha hapati," Kibwana akatangaza mbele ya ndugu waliokusanyika uani. "Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, sawa. Ila goigoi simpi. Jana kwenye matuta kakaa chini jua halijapanda vizuri. Binti wa miaka ishirini! Bibi zake walipandisha mlima huu na mikungu ya ndizi kichwani, wakiimba."

Mwaisha, binti wa Zuhura, aliinamisha kichwa. Bila kile kipande cha shamba la mikarafuu angebaki kuwalimia binamu zake kibarua mpaka uzeeni. Tangu utotoni alizoea kuficha uchovu wake. Akiishiwa pumzi njiani, hujifanya anatoa mwiba mguuni.

"Goigoi?" Zuhura akasimama. "Kaka, mimba yake ilipokuwa tumboni mwangu, nani alinikataza mayai, maharage, hata nyama ya Idi?"

"Ile ni desturi. Mtoto akinenepa tumboni, mama anashindwa kujifungua."

"Desturi gani? Mayai yangu si uliyala wewe!"

Mtu mmoja akaangua kicheko, akakimeza.

"Miezi tisa kamili, na mtoto kilo mbili hazikufika. Nesi Winfrida wa zahanati kaniambia, mtoto akikosa kukua tumboni, huenda misuli na mapafu yasipate haki yake, akaja kuchoka upesi ukubwani. Si wote, kasema, lakini hutokea. Umemnyima chakula hajazaliwa, leo unamnyima shamba kwa sababu hana nguvu. Huna hata haya!"

Kibwana akamgeukia Mzee Abdulatif, mkubwa wa ukoo, akitafuta msaada. Mzee akatema mate pembeni.

"Mpe binti shamba lake. Umetutia aibu."

"Haya, achukue!" Kibwana akafoka. "Akalime amelala, shauri yake!" Hasira zilikuwa zimemkausha koo. "We Mwaisha, nyanyuka huko, niletee maji ya kunywa."

Wote wakamtazama binti. Mtungi ulikuwa pale pale mlangoni, hatua moja kutoka kiti cha Kibwana. Mwaisha akainua uso, akanyoosha miguu vizuri mkekani.

"Nimechoka, mjomba," akasema.