Treni Isiyo na Mteja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Reli, ingawa reli ya kweli hajawahi kuilaza hata moja. Zake zilikuwa nyembamba kama njiti za kiberiti, na treni zilizopita juu yake ungeweza kuzitia zote kwenye kikapu cha sokoni ukabakiwa na nafasi ya vitunguu. Alizitengeneza kwa bati, shaba na mbao laini, kwa oda za watu: wanasheria, wastaafu, mwenye hoteli mmoja aliyetaka treni izunguke mapokezi. Mteja akileta picha ya treni aliyoipanda utotoni, Fundi aliitengeneza vile vile, mpaka kutu ya kwenye bomba la moshi.

Ilianza kama mchezo tu. Enzi hizo alikuwa karani wa posta, na jioni akirudi nyumbani alizungusha treni zake mezani hadi mkewe achoke kumwita kula. Rafiki akaomba atengenezewe moja. Rafiki wa rafiki naye akaomba. Kufumba na kufumbua, posta ameiacha na wateja wamejipanga foleni. Ile meza ya reli ikawa pa kuwekea makopo ya rangi, kisha maboksi, kisha maboksi juu ya maboksi, hata reli zenyewe zikafunikwa zisionekane.

Siku moja mteja alirudisha behewa kwa mara nyingine tena, akidai kijani chake kimepauka. Mama Pacha, mkewe, aliingia chumba cha kazi akamkuta mumewe ameshika tama, analitazama lile behewa kama jirani aliyemnunia.

"Baba Pacha," alisema, "hivi treni uliicheza lini mara ya mwisho?"

"Kuicheza?"

"Ndiyo. Kukaa kitako ukaitazama inavyozunguka."

Fundi akakuna kichwa. Alikumbuka pacha wake wakiwa na sare za shule, wamelala kifudifudi sakafuni wakiigiza honi. Pacha hao sasa wana watoto wao.

"Zamani," alijibu, na jibu lenyewe likamchoma.

Alilipaka upya lile behewa, akamaliza oda alizokuwa ameahidi, akawapigia wateja simu mmoja mmoja kuwaaga. Wengine walimshukuru, wengine wakakata simu wamevimba. Kisha akang'oa kibao cha mlangoni, na yeye na mkewe wakashinda kutwa wakihamisha maboksi. Chini kabisa reli zilikuwa pale pale, zimeota kutu. Alizisugua kwa msasa huku akipiga mluzi, jambo ambalo mkewe hakuwa amelisikia kwa miaka.

Lakini mazoea yana taabu yake. Alipoanza kujenga stesheni ya meza yake mwenyewe, alipima, akakata, akapima tena. Paa alilibandua kwa sababu lilipinda kiasi ambacho hata inzi asingekiona. Alilibandika, akalibandua tena. Mluzi ukakatika.

"Ni mteja gani anayekusumbua hivyo?" Mama Pacha aliuliza, amesimama mlangoni.

"Hakuna mteja."

"Basi mbona umekunja uso kama yuko sebuleni?"

Mama Pacha, aliyekuwa mshonaji na haogopi rangi yoyote, akavuta kiti, akachukua brashi na kopo lililokuwa karibu, akalipaka lile paa zambarau. Mumewe alimeza maneno yaliyomfika kooni. Hajawahi kuona stesheni ya zambarau popote duniani. Alipoiangalia vizuri, akaona haimkeri.

Kesho yake Mama Pacha akaja na ng'ombe wa udongo aliyemfinyanga mwenyewe. Alikuwa mkubwa kuliko behewa.

"Huyu akisimama relini, treni itabidi irudi ilikotoka," Fundi alisema.

"Na irudi. Ng'ombe ndiye aliyetangulia kufika."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Wiki hiyo hiyo daktari wa meno akabisha hodi. Huyu ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa, mtu mpole, nadhifu, mwenye kabati zima la treni za Fundi.

"Nimekuja kukupigia magoti," alisema. "Moja tu, ya mwisho."

"Nimeacha, Daktari. Kweli nimeacha." Fundi akamkaribisha kiti. "Niambie, zile ulizonazo zinakwendaje?"

"Zinakwendaje? Ziko ndani ya kioo. Hata vumbi nafuta mwenyewe."

"Hujaziendesha?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Naogopa zisije zikachubuka."

"Jumamosi niletee moja," Fundi alisema.

Jumamosi daktari alikuja na treni ya bluu, ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Aliiweka relini kwa vidole viwili. Fundi akamwachia swichi. Treni ikatetemeka kidogo, ikaanza kwenda, ikapita darajani, ikaingia kwenye handaki la karatasi ngumu, ikatokeza upande wa pili. Daktari alikuwa ameachama, yeye ambaye kazi yake ni kuwaambia wengine waachame.

"Naomba niongeze mwendo," alinong'ona.

Akaongeza. Kwenye kona ya stesheni treni ikayumba, ikamgonga ng'ombe aliyesimamishwa kando ya reli, ikapinduka, ikaserereka hadi ukingoni mwa meza. Daktari akaiokota, akaigeuza. Ubavuni ilikuwa na mchubuko mrefu, rangi imetoka hadi bati linang'aa.

Mkono wa Fundi ulishaanza kuifuata brashi. Akauzuia.

"Nikupakie rangi hapo?"

Daktari alipitisha kidole juu ya mchubuko. "Hapana," alisema taratibu. "Uache. Sasa inaonekana imesafiri." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Samahani, shemeji. Ng'ombe hajaumia?"

"Pembe moja imekwenda," Mama Pacha alisema akimsimamisha ng'ombe wake. "Atazoea."

Wakairudisha treni relini. Tangu hapo daktari huja kila Jumamosi, kila mara na treni nyingine kutoka kabatini, na haiweki tena kwa vidole viwili. Wateja bado hupiga simu mara moja moja. Fundi huwajibu kwa upole kwamba kazi ameacha, ila wenye treni zao wakaribie kuziendesha. Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, alicheka kwenye simu akidhani anataniwa. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni, boksi kwapani, anauliza kama kweli kuna nafasi.

"Ipo," Fundi alisema, akasogeza viti.