Kitabu cha Gati la Ngamia

Mwanahawa alipenda kusema kwamba Doha nzima hakuna mtu anayelijua Gati la Ngamia kumzidi yeye. Kisha mwenyewe huongeza, kabla hajaulizwa, kwamba analijua kuanzia magotini kushuka chini, maana miaka kumi na mmoja macho yake yamekuwa sakafuni yakitafuta bablishi zilizoganda.

Kwa hiyo Trevor wa ofisini alipokuja kukusanya historia ya gati, alipewa historia ya viatu. Mwanzoni vilikuwa viatu vya ngozi, vya watu waliokuja na familia zao kupanda bembea ya kuzunguka, ile yenye ngamia wa plastiki badala ya farasi. Mwaka wa Kombe la Dunia zikaja raba za kila rangi, naye akazoa bendera za nchi ambazo hakujua kama zipo. Kisha mji mpya wa Lusail ukawasha taa zake, viatu vikahamia huko. Mkahawa wa mwisho wa gati ukafungwa, ngamia wakafunikwa nailoni, zikabaki kandambili za wafagiaji. Mwezi ujao gati linang'olewa.

Trevor, Mganda mwenye adabu zake, alicheka na kuandika. Wakubwa walikuwa wamemtaka atengeneze bango la picha na maelezo, lisimame ufukweni gati likishaondoka. Mwanahawa akamuuliza kama Ramadhani atakuwemo.

Ramadhani alikuwa mfagiaji mwenzake, tena Mtanga mwenzake, kijana wa Pongwe aliyefuta vioo vya mkahawa kwa nje. Miaka minne iliyopita, alasiri moja, ukingo aliouegemea uliachia, akaangukia kwenye mawe ya chini, akafa. Mwanahawa alikuwa na ndoo mkononi. Watu walipokwisha kumbeba, alimalizia kupiga deki, kwa kuwa deki ilikuwa imebaki nusu. Akangoja uchungu uje. Mpaka leo anangoja, kama mtu aliyepewa namba hospitali wakasahau kumwita. Kule Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, kitanda cha marehemu kilipata mtu mwingine wiki ileile, na Mwanahawa aliyaona hayo yote kama anayatazama kupitia kioo ambacho hakikufutwa vizuri.

Lakini jina alilitaka. Gati likishang'olewa, hapatakuwa na ubao wala msumari wa kuonyesha kwamba kijana yule aliwahi kufika nchi hii.

Trevor akamwambia kwa upole kwamba wakubwa hawakubali maneno ya mdomoni. Kama yapo maandishi ya siku ile, amletee picha ya ukurasa huo Alhamisi kabla ya saa sita mchana, bango linakwenda kuchapwa.

Mwanahawa hakuwa na wasiwasi. Maandishi yalikuwepo. Nahashon, mlinzi Mkenya wa getini, alikuwa na kitabu cha matukio ambacho kila saa lazima aandike kilichotokea. Saa ikipita kimya, huandika maneno matatu ya Kiingereza ya kusema hali ni shwari. Mwanahawa shule yake iliishia darasa la saba na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo kila mwaka siku aliyokufa Ramadhani ikifika, humwomba Nahashon amsomee. Nahashon huvua kofia, akasoma kwamba saa tisa na dakika kumi Ramadhani wa usafi ameanguka, na kwamba alikuwa mfanyakazi mzuri. Mwaka jana akasoma pia kwamba gati lote lilinyamaza. Mwanahawa aliipenda sentensi hiyo, wala hakuuliza inakuwaje kitabu cha zamani kinaendelea kunenepa.

Alhamisi asubuhi akaenda na simu yake. Nahashon aliposikia habari ya picha, akasema ataunakili ukurasa mwenyewe kwa mwandiko safi, mathe aende zake akapumzike.

"Mimi nikipumzika nalala, mwanangu. Toa kitabu."

Akakitoa kabatini, akavua kofia, akasoma vilevile. Mwanahawa akainama na simu. Miaka yote alikuwa akimtazama Nahashon usoni, hajawahi kuutazama ukurasa. Ulikuwa na mistari kumi na mitatu, kuanzia 06:00 hadi 18:00, na kila mstari una maneno matatu, yaleyale, kama shanga za uzi mmoja. Aliitafuta herufi R, anayoijua vizuri. Haikuwepo.

"Ramadhani yuko wapi hapa?"

"Si huyo hapo, mathe. Hiki ni Kizungu, huwa kinafupisha."

Mwanahawa akatafuta hasira moyoni mwake, nayo hakuikuta. Alichokiona ni kitabu cha leo, kiko wazi mezani, kalamu imelala juu yake. Mistari kumi na mitatu. Maneno matatu matatu, mpaka chini.

"Nahashon, saa hizi saa ngapi?"

Nahashon akatazama saa yake upesi, kama mtu aliyefurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Saa nne na robo."

Mwanahawa akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, wa 18:00. Wino ulikuwa umekauka tangu alfajiri.

"Basi nisomee na hapa, baba. Leo jioni kulitokea nini?"

Nahashon akaivaa kofia yake.